Kompyuta Niliyoisingizia

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Julai na baridi yake. Manyunyu tangu asubuhi, mlima haujaonekana wiki nzima na mimi sijautafuta.

Nimekaa dukani kwangu hapa mtaa wa Soweto, mjini, mlango nimeufunga kwa ndani ili asije mtu kuniomba nimtolee kopi ya cheti. Kompyuta iko mbele yangu na inafanya kazi vizuri kabisa. Rangi ziko sawa, maandishi yanasomeka, haizimi, haigomi. Natamani kuipiga kofi.

Wiki mbili zilizopita niliwaambia watu wote kwamba imekufa.

Acha nianzie mwanzo. Nikianzia katikati nitaanza kujitetea, najijua.

Ukiacha kuchapa barua na kutoa kopi, nina kazi moja ambayo sijaiandikia bango. Naandika wasifu wa marehemu kwa watu wa kwetu Mwika, kule mlimani, na nauandika marehemu mwenyewe akiwa bado hai. Ilianza kwa babu mmoja wa usharika wetu aliyesema hataki watoto wake wakamdanganyie kaburini. Alisema amezika wenzake wengi, na kila aliyesomewa wasifu alikuwa mpole, mcha Mungu na mpenda maendeleo, hata wale waliokuwa wakikimbiza majirani na panga. Akaniita, akanisimulia maisha yake, nikaandika, akasahihisha, akatia sahihi. Wenzake wakasikia. Tangu hapo nikipanda kumwona mama mwisho wa wiki nabeba na hii kompyuta yangu ndogo, maana lazima kutakuwa na mzee ananisubiri.

Baba Mkubwa Aminieli alikuwa mmoja wao. Yeye na marehemu baba yangu ni watoto wa ndugu wawili. Kihamba chake na chetu, yaani mashamba ya urithi tunakoishi, vimepakana, migomba yake na yetu imetenganishwa na mstari wa isale tu, mmea wetu wa mipaka. Wasifu wake niliuandika miaka miwili iliyopita: mjane tangu mke wake alipofariki, mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa, baba wa watoto sita, wa kwanza akiwa Kaka Godlisten. Akatia sahihi. Nakala moja nikampa Kaka Godi aitunze.

Mwezi wa tano mwaka huu akaniita tena. Nilimkuta amekaa nje ya jiko kwenye kigoda, kajifunika blanketi, anamwangalia ng'ombe anavyokula majani ya migomba. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba, akanionyesha pa kukaa. Kisha akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Kabla hajaoa alizaa na binti wa Kilema. Yule binti alikuwa Mkatoliki, sisi Walutheri, wazazi wa pande zote mbili wakakataa ndoa, kila mmoja akarudi kwao. Mtoto akabaki Kilema na mama yake. Sasa ni mtu mzima, ana watoto wake, anaitwa Anjela.

Akaniambia, "Andika: mtoto wangu wa kwanza ni Anjela, wa Kilema. Muweke wa kwanza. Usimtupe mwishoni."

Niliandika pale pale, kompyuta ikiwa mapajani. Watoto sita wakawa saba. Nikamsomea mara mbili. Nikamuuliza kama nimpe Kaka Godi nakala mpya, akakataa. Akasema nisichape, nisimwonyeshe mtu, siku yake ikifika niusome mimi mwenyewe na wote watasikia kwa pamoja.

Nilijisikia mtu wa maana sana siku ile. Nimeaminiwa na mzee. Leo nimemkasirikia, na sioni aibu kulisema ingawa amelala ardhini. Aliwaogopa watoto wake akiwa hai akaona anitwishe mimi. Angewaita sita wale sebuleni na kuwaambia kwa mdomo wake mwenyewe, nani angemfanya nini? Lakini kwa Anjela mzee mwenyewe alipiga simu. Akamwambia, siku yangu utasomwa, njoo.

Sasa kuhusu kompyuta.

Natumia mfumo wa Linux. Ni miaka mitano sasa, tangu flashi za wanafunzi zilipoijaza kompyuta yangu virusi mpaka ikawa inajifungulia vitu yenyewe. Fundi mmoja rafiki yangu aliniwekea Linux, nikaipenda, nikajifunza mwenyewe kidogo kidogo kwa kusoma na kuharibu. Najivunia. Hapa mtaani watu wananiletea kompyuta zao na mimi nazifufua, halafu nawahubiria juu ya kutunza nakala.

Jumatatu ile hapakuwa na wateja. Baba Mkubwa alikuwa amelazwa kitandani nyumbani kwake, tulishaambiwa ni suala la siku. Kompyuta ilikuwa inanikumbusha kwa mwezi mzima kwamba kuna toleo jipya la mfumo. Nikasema leo basi. Nikabonyeza kukubali, nikaenda kununua karanga.

Ilishusha na kupanga vitu vyake mpaka alasiri. Ikajizima, ikajiwasha. Ikaja nembo, ikaja giza, likadumu, kisha ukaja ukurasa wa kuingiza neno la siri. Nikaingiza. Kioo kikapepesa mara mbili, kikawa cheusi, halafu kikanirudisha pale pale kwenye neno la siri. Nikaingiza tena. Ikanirudisha tena. Mara ya tano au ya sita ilikubali kufunguka, lakini maandishi yalikuwa makubwa kama ya kwenye kibao cha zahanati, nusu ya dirisha iko nje ya kioo, na kabla sijafungua chochote vyote vikatoweka nikajikuta nje.

Jumanne hivyo hivyo. Nikiifungua inakaa dakika tatu inaanguka. Nikisogeza dirisha linaacha michirizi. Nikichomeka kioo cha pembeni kinasema hakuna picha.

Jumatano asubuhi Baba Mkubwa akafariki.

Alhamisi Kaka Godi alinipigia. Mazishi Jumamosi. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alizungumzia maturubai, mchungaji, nani atapokea wageni wa Dar, halafu akafika kwenye wasifu. Akasema anasikia mwezi wa tano Baba aliniita na kompyuta yangu, je, kuna kilichobadilishwa?

Nikamwambia kompyuta imekufa tangu Jumatatu.

Akasema, taratibu kabisa, "Kama imekufa, imekufa. Tutasoma hii niliyonayo mimi." Nilimsikia akishusha pumzi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikashusha.

Nadhani alikuwa anajua. Hakuna aliyetamka jina la Anjela kwenye simu ile, lakini alikuwa katikati yetu kama mtu wa tatu.

Hapa ndipo panaponiuma, na ndipo nilipoahidi kutojitetea.

Kwa watu wengi kioo kikiwa cheusi basi kila kilichomo kimepotea. Hawana kosa, hawajui. Mimi najua. Kilichoharibika ni sehemu inayochora picha: madirisha, rangi, vitufe. Faili zenyewe zilikuwa zimelala mahali pake salama salmini. Hata mteja wa kawaida akiniletea kompyuta ya namna hiyo, jambo la kwanza ninalomwambia ni usihofu, vitu vyako vipo.

Na sikuwa nakisia. Alhamisi ile ile, saa moja kabla ya simu ya Kaka Godi, nilishikilia Ctrl na Alt nikabonyeza F3. Ukaja ule ukurasa mweusi wa maandishi matupu ambao hauhitaji picha yoyote. Nikaingiza jina, nikaingiza neno la siri, nikaita orodha ya folda ya wasifu. Ikajipanga mbele yangu. Faili ya Baba Mkubwa ilikuwa ya tatu kutoka juu, ile mpya, ile ya watoto saba. Kilichobaki ni kuchomeka flashi, kuandika mstari mmoja wa amri, na kutembea hatua thelathini mpaka kwa jirani yangu mwenye printa.

Sikuchomeka flashi.

Kwa hiyo nilipomwambia Kaka Godi imekufa, ilikuwa saa nzima tangu nilipoiona faili kwa macho yangu.

Kwa nini? Nimejiuliza wiki mbili. Kaka Godi ndiye aliyenifundisha baiskeli kwenye ile njia ya kwenda kisimani. Alibeba jeneza la baba yangu, upande wa kichwa. Mimi nikiwa huku Soweto, yeye ndiye anayemkatia mama majani ya ng'ombe na kumwita daktari wa mifugo ng'ombe akishindwa kuzaa. Nikasema moyoni, nitasimamaje mbele ya mtu huyu, siku anamzika baba yake, kumwambia wewe si wa kwanza? Na ushahidi uko wapi? Nikajiambia ushahidi uko kwenye kompyuta, na kompyuta mnaiona wenyewe, nyeusi tii.

Basi nikaanza kuitengeneza kwa bidii kubwa. Hili ndilo la ajabu. Alhamisi mchana na Ijumaa sikupokea kazi ya mtu. Nilisoma kumbukumbu za mfumo mstari kwa mstari, na kosa likawa linajirudia: kila nikiingia, sehemu ya madirisha inaita kadi ya picha, kadi haijibu inavyotakiwa, sehemu ile inaanguka, natupwa nje. Nikabadilisha namna ya kufungua madirisha pale kwenye ukurasa wa kuingilia. Nikapunguza ukubwa wa picha. Nikazima kadi moja nikabakiza nyingine. Nikasoma kwenye simu vilio vya watu wa nchi za mbali walioharibikiwa kama mimi. Na kila nilipojaribu kitu kikashindikana, nilisikia amani. Nikawa najiambia, unaona? Umejitahidi.

Ijumaa saa sita mchana nikawasha upya, na kwenye orodha inayotokea mwanzoni nikachagua kerneli ya zamani, yaani ule moyo wa mfumo uliokuwepo kabla ya Jumatatu. Ikafunguka. Picha safi, maandishi ya kawaida, na picha yangu ya migomba nyuma. Nikakaa naiangalia. Dakika tatu zikapita, dakika tano, haianguki. Dakika kumi.

Nikaizima mwenyewe. Nikashikilia kitufe mpaka ikazima.

Hilo hakuna anayelijua. Sasa nimeliandika.

Jumamosi tulizika. Uwanja ulijaa mpaka kwenye migomba. Watoto sita na familia zao walivaa sare ya kitenge cha zambarau. Anjela nilimtambua bila kuonyeshwa, kwa sababu alikuwa na mabega ya Baba Mkubwa na ule urefu wake. Alisimama nyuma kabisa karibu na zizi, gauni jeusi, kitambaa cheupe kichwani, watoto wake wawili wakubwa wamemzunguka. Alikuwa ameshika shada la maua lenye utepe, na kwenye utepe pameandikwa "Baba".

Kabla ya wasifu kusomwa, aliyeongoza ratiba akawatangazia watu kwamba mtaalamu wetu amepata msiba ndani ya msiba, kompyuta yake imegoma, hivyo utasomwa wasifu wa awali, tumvumilie. Watu wakageuka kunitazama kwa huruma. Mama mmoja aliyekaa karibu akanishika mkono akasema pole mwanangu. Nikasema asante.

Marehemu ameacha watoto sita. Yakasomwa majina.

Niliangalia chini, lakini si mapema vya kutosha. Wakati majina yanaanza Anjela alikuwa amepiga hatua moja mbele, amelishika shada kwa mikono miwili. Alisikiliza la kwanza, Godlisten. La pili. Akaendelea kusimama hivyo hivyo mpaka la sita, nadhani alikuwa anajipa moyo kwamba labda amewekwa mwishoni. Kisha zikasomwa idadi za wajukuu na vitukuu. Akairudisha ile hatua. Walipoitwa watoto wa marehemu kuweka udongo na mashada, hakusogea. Mtoto wake mmoja alimwambia kitu sikioni, akatikisa kichwa.

Sijui waliondoka saa ngapi. Chakula kilipogawiwa hawakuwepo.

Jumapili baada ya ibada nilirudi mjini, nikaja moja kwa moja hapa. Nilikuwa sina sababu tena ya kuogopa kompyuta. Nikaingia kwenye ukurasa mweusi, nikaona kumbe draiva ya zamani, ile programu inayoendesha kadi ya picha, ilikuwa imebaki nusu nusu baada ya toleo jipya kuingia, mfumo mpya hauitaki na wa zamani umeshaondoka. Nikaifuta yote, nikaiacha kompyuta itumie ile inayokuja na mfumo wenyewe, nikawasha upya. Ikapona. Dakika ishirini, pamoja na kunywa chai.

Siku nne ilinishinda. Kisha dakika ishirini.

Wiki iliyofuata nilipopanda nyumbani nilipita njia ya juu, ile inayotokea kwenye geti la Baba Mkubwa. Shada lilikuwa limetundikwa kwenye mti wa mbuni pembeni ya njia, nje ya kihamba. Maua yalishaoza kwa mvua. Utepe ulikuwa bado unasomeka. Anjela hakulitupa, na hakuliingiza ndani pia. Alilitundika pale kwenye mpaka, akaenda zake Kilema. Nilisimama nikalia kwa sauti kama mtoto, mpaka mtu aliyekuwa anapita na mzigo wa majani akanipa pole ya msiba.

Pole. Nimepewa pole nyingi kwa wiki hizi mbili kuliko nilipofiwa na baba yangu. Pole ya Baba Mkubwa, pole ya kompyuta. Kila moja nimeipokea kwa asante.

Juzi Alhamisi nilishindwa kuvumilia, nikapanda nikamweleza mama. Nilidhani habari ya Anjela itamwangusha. Wapi! Alikuwa anajua, alijua kabla mimi sijazaliwa, na anasema wazee wote wa rika lake walikuwa wanajua. Kilichomshtua ni mimi. Aliniuliza mara mbili kama kweli niliiona ile faili kabla ya mazishi, na mara zote mbili nikasema ndiyo. Akanyanyuka akaingia chumbani kwake. Jioni akatoka na kisu, akaniambia twende mpakani.

Akakata jani la isale. Kwetu ukimkosea mtu kosa la kumkosesha usingizi, huendi kwake na maneno matupu. Unaenda na jani hilo, limefungwa fundo, na unakwenda na mtu mzima wa kukusimamia. Aliyepelekewa isale hawezi kukataa kusamehe. Mama alilifunga fundo mwenyewe akaliweka kwenye ndoo ya maji lisinyauke.

Leo asubuhi tukaenda. Bodaboda mbili, mama amejifunga kanga mbili kichwani kwa baridi, anamwambia dereva apunguze mwendo njia nzima. Tukafika Kilema saa nne. Nyumba ya Anjela iko chini ya misheni ya zamani, unaingia kwenye migomba kidogo tu. Tulimkuta anakatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Alipomwona mama ameshika jani aliacha panga, akanawa mikono, akamwamkia mama, kisha nikamwamkia mimi. Akatukaribisha jikoni kwa sababu ndiko kulikuwa na moto. Akatupa maziwa ya mgando. Sisi tuliomnyima jina lake, akatupa maziwa.

Mama alisema yale yanayosemwa, kwa Kichagga, na akamkabidhi jani. Kisha nikasema yangu. Nilisema yote: F3, faili ya tatu kutoka juu, simu, kitufe nilichokishikilia Ijumaa. Sidhani kama alielewa habari za kompyuta, lakini alielewa. Nikatoa karatasi niliyoichapa jana, nikampa.

Aliisoma amesimama mlangoni kwenye mwanga. Alipofika kwenye mstari wa watoto midomo yake ilitembea. Akarudia. Nilimwona anarudia kwa mara ya tatu. Halafu akaikunja kwa kufuata mikunjo ile ile niliyokuja nayo, akanirudishia.

"Jani nimelipokea, mdogo wangu, na nimekusamehe," akasema. "Karatasi rudi nayo. Baba aliniambia nitasomwa. Hakuniambia nitaletewa jikoni."

Nikamweleza kwamba kesho kuna kikao cha ukoo nyumbani kwa Baba Mkubwa, wanakaa kuzungumzia kihamba na mambo ya familia. Nikamwomba aje, nitasoma mbele yake. Akakataa bila hasira. Alisema amekuja mara moja, amesimama, watoto wake wakamwona. Hatakuja kusimama tena. Akatusindikiza mpaka barabarani, akamshika mama mkono kwenye utelezi, na njia nzima alinieleza habari za ng'ombe wake.

Nilitamani anitukane.

Nimemrudisha mama nyumbani nikashuka mjini, na sasa nimekaa na hii karatasi. Kikao ni kesho baada ya ibada ya pili. Kaka Godi ndiye atakayekiendesha. Sijamwambia kitu. Nikimwambia leo atanibembeleza kwa ile sauti yake, na mimi naijua roho yangu, nitakubali. Kesho atanitazama mbele ya watu wote, na keshokutwa ng'ombe wa mama atahitaji majani. Naogopa. 

Kitu kimoja nimekiona leo pale jikoni, nikashangaa kwa nini sikukiona mapema. Mwezi wa tano yule mzee hakuiambia kompyuta. Aliniambia mimi. Hata kama ingeungua kweli, hata kama ingeibiwa, mimi nilikuwepo, nilisikia, nilimsomea mara mbili akaitikia. Jumamosi ile nilikuwa nimesimama pale pale uwanjani na mdomo wangu mzima, na nikauacha uwanja mzima uipe pole mashine.

Sasa imepona. Nimejaribu kila kitu jioni hii: kuizima na kuiwasha, madirisha mengi kwa pamoja, kioo cha pembeni. Haina hata kasoro moja ya kunisaidia. Karatasi nimeziweka tatu, moja kwenye Biblia, moja kwenye mkoba, moja kwa mama.

Haya niliyoandika sitayaweka kwenye blogu yangu leo. Itakuwa ni njia nyingine ya kumsoma Anjela mahali pasipo pake, tena kwa watu wasiomjua. Nitayaweka kesho nikirudi, nikishasoma kwa sauti, pale alipozikwa baba yake, jina lake likiwa la kwanza. Kwa hiyo wewe unayeyasoma hapa, jua kwamba nilisimama.

Na kama hayataonekana, kompyuta isilaumiwe. Itakuwa ni mimi tena.